Pumzi Baada ya Kifusi

Tarehe 5 Oktoba 2015 duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, na wachimbaji sita wakabaki chini. Wengi waliokuwa juu waliamini wamekwisha kufa. Tarehe 15 Novemba, siku ya 41, watano walitolewa wakiwa hai; mwenzao mmoja alikuwa amefia humo humo. Walikuwa wameishi kwa maji yaliyochuruzika kwenye mwamba, kwa mizizi na kwa wadudu. Magazeti ya hapa na ya nje yaliandika kwa kirefu juu ya walichokula. Sikumbuki kusoma popote walivyolala usiku katika mwaka uliofuata, kama taa ilizimwa au iliachwa ikiwaka.

Swali la taa ndilo linalonifikisha kwenye mada ya leo, ambayo najua itawachekesha wasomaji wangu wa Katoro na Masumbwe: yoga. Neno lenyewe linaleta picha ya dada wa Masaki, Dar es Salaam, juu ya mkeka wa bei mbaya, mguu nyuma ya shingo. Ninayoizungumzia haihitaji hata mkeka. Ni nusu saa au saa moja ya kusogeza mwili taratibu, aghalabu mtu akiwa amekaa kwenye kiti, akialikwa kusikiliza nyayo zinavyogusa ardhi, mabega yanavyopanda na kushuka, pumzi inavyoingia na kutoka. Na kila hatua anaachiwa aamue mwenyewe aendelee, apunguze au aache. Mtindo huu ulitengenezwa miaka ya 2000 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na mwalimu wa yoga David Emerson akishirikiana na daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk, kwa ajili ya watu waliokwisha kuongea mpaka maneno yakawaishia, na mwili bado haujatulia.

Naamini ukanda wa dhahabu una haki ya kuijaribu. Ila ikiagizwa kama ilivyo, itaumiza watu. Inabidi ijengwe upya, kuanzia kwenye yale yaliyowapata watu wa huku.

Na yaliyowapata si machache. Januari 2017 watu 15 walifukiwa katika mgodi wa RZ, Nyarugusu, mkoani Geita, wakatolewa wote hai baada ya siku tatu hivi. Agosti 2025 wengine 25 walifukiwa Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, na safari hiyo habari haikuwa njema. Kazi ya kuwatafuta ilikwenda kwa wiki kadhaa. Hayo ni yaliyofika redioni. Yapo maduara yanayomeza mtu mmoja mmoja, usiku, bila mwandishi wa habari. Wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe katika nchi iliyokwisha kuni. Na wapo mabinti zao waliokuwa chumba cha pili usiku wa mauaji. Wapo watoto wenye ualbino waliokusanywa Buhangija, mjini Shinyanga, baada ya wimbi la mauaji ambalo wavuvi na wachimbaji walitajwa mara kwa mara kuwa wateja wa hirizi. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Hukumu ilitoka, walionusurika wakabaki na usiku wao. Na wapo wanawake wa mialo ya wavuvi na wa kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ambao kipigo chao hakiandikwi popote kuwa ajali kazini.

Mwili wa mtu mwenye kiwewe hausubiri kukumbuka ndipo utende. Karasha likianza kunguruma ng'ambo ya barabara, moyo unakwenda mbio kabla mwenyewe hajajua amesikia nini. Harufu ya baruti, mlango uliofungwa kwa nje, sauti ya mwanamume anayefoka: vitu vya kawaida vya mchana vinaamsha hofu ya siku ile, na akili inayosema "nipo salama" haisikilizwi. Wengine huenda upande wa pili: hawashtuki tena kwa lolote, mikono kama si yao, mtoto akilia wanamsikia kwa mbali. Huyu wa pili ndiye tunayemsifu kuwa amejikaza.

Ndiyo maana kumketisha mtu na kumtaka asimulie kisa tangu mwanzo kunawashinda wengi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuonya dhidi ya kuwahoji waathirika juu ya tukio zima mara tu baada ya janga kwa kudhani ndiyo kinga, na mwaka 2013 likaonya pia dhidi ya kutuliza dalili za mwezi wa kwanza kwa vidonge vya jamii ya diazepam. Kwa wengi kilichobaki ni pombe. Viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017. Sababu za kuvinunua zilibaki.

Je, yoga ina ushahidi? Inao, nao una mipaka. Utafiti unaotajwa sana ni wa van der Kolk na wenzake wa mwaka 2014. Wanawake 64 ambao matibabu ya miaka yalikuwa hayajawaponya waligawanywa makundi mawili: moja likafanya yoga hii mara moja kwa wiki kwa wiki kumi, jingine likapewa masomo ya afya ya wanawake. Mwishoni, 16 kati ya 31 wa kundi la yoga hawakutimiza tena vigezo vya ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe. Kundi la pili walikuwa 6 kati ya 29. Ni tofauti kubwa. Lakini wanawake wale walikuwa na wataalamu wa kuzungumza nao, na waliendelea nao. Mama wa Nyang'hwale ambaye hajawahi kuonana na mtaalamu wa akili hata siku moja si mtu yule. Mwaka 2018 Holger Cramer na wenzake walikusanya majaribio yaliyokuwepo, wakaona ubora wa ushahidi ni mdogo na kwamba yoga ipendekezwe kwa tahadhari, tena kama nyongeza ya tiba nyingine.

Kisha mwaka 2023 likachapishwa jaribio la wanawake 131 waliowahi kutumikia jeshi la Marekani na kufanyiwa ukatili wa kingono humo. Yoga iliwasaidia kwa kiwango kinachokaribiana na tiba ya mazungumzo iliyokwisha kuthibitishwa, na wengi zaidi waliimaliza. Hilo la kuimaliza ndilo lililonivuta. Mahali ambapo nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, inashindana na unga, tiba ambayo mtu haikimbii katikati ina uzito wake.

Inafanyaje kazi? Sehemu moja haina ubishi: mtu anapotoa pumzi, moyo hupunguza mwendo, na pumzi ya kutoka ikirefushwa, utulivu huo huongezeka. Umo katika kila kitabu cha fiziolojia mshipa wa fahamu unaoleta utulivu huo, ule unaotoka shina la ubongo hadi kifuani na tumboni. Yaliyojengwa juu yake ni kesi nyingine. Nadharia ya mwanasaikolojia Stephen Porges, inayopanga kazi ya mishipa ya fahamu katika ngazi tatu, ambayo walimu wengi wa yoga huisoma kama Injili, inapingwa na wanafiziolojia kadhaa kwa hoja nzito. Mkufunzi akija Kahama na mchoro wa ngazi hizo, mwacheni amalize, mshukuruni, kisha mwombeni aoneshe mazoezi.

Afrika Mashariki si ngeni kwa jambo hili. Mwaka 2007 jijini Kigali ulianza Project Air, mradi wa Deirdre Summerbell kwa wanawake walionusurika ubakaji wa mauaji ya kimbari ya 1994, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Mwaka huo huo Nairobi ukazaliwa Africa Yoga Project, ambao umewafundisha vijana wa mitaa ya mabanda kuwa walimu. Leo wapo walimu wanaoweza kufundisha kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho wa somo. Cha kuvutia ni kwamba hakuna kati ya miradi hiyo miwili uliochagua mwendo wa taratibu. Kigali walifanya ashtanga, yenye jasho na kutetemeka mapaja. Nairobi vivyo hivyo, nguvu na sarakasi.

Hapo nalazimika kuuliza tunaposema "yoga ya upole" tunamaanisha upole upi. Kijana anayeshinda na nyundo na tindo mita nyingi chini haogopi kazi ya misuli. Anachokiogopa ni kutulia. Ukimwambia akae kimya dakika kumi asikilize mwili wake, umemrudisha mahali ambapo hakukuwa na kitu kingine cha kusikiliza. Kwake zoezi la nguvu kidogo, la kusukuma ukuta au kuchuchumaa na kuinuka, linaweza kuwa la upole kuliko kimya. Upole nitaupima kwa kitu kimoja: je, anaweza kuacha bila kuulizwa kwa nini? Kama anaweza, hata jasho ni la upole. Kama hawezi, hata kupumua ni mateso.

Tuingie sasa kwenye mambo yenyewe, na nianze na wachimbaji.

Karibu kila somo la yoga duniani humalizika watu wakiwa wamelala chali, mikono kando, macho yamefumbwa, taa imepunguzwa. Kwa aliyetoka chini ya kifusi huo ndio mkao wenyewe wa siku zile. Basi ufutwe. Somo lifanyike kwenye viti, au watu wakiwa wamesimama, mchana, macho wazi, chini ya mti kama upo. Kama ni ndani, mlango ubaki wazi na kila mmoja akae anapouona. Zoezi la kwanza kabisa ninalolipendekeza haliko kwenye vitabu vingi: geuza shingo taratibu, angalia ulipoingilia, angalia pa kutokea, angalia anga. Mtu aliyekaa gizani bila kujua ni usiku au mchana anahitaji kujua jua liko wapi kabla ya kujua pumzi yake iko wapi.

Pumzi nayo ina mtego wake huku. Vumbi la mwamba wa dhahabu lina silika, na silika ikikaa kwenye mapafu haitoki. Huacha makovu, na mapafu yenye makovu hupata kifua kikuu kwa urahisi. Mwalimu asiyejua hili atawaambia wajaze kifua, washike pumzi, wahesabu. Mwenye kifua kilichokwisha kuliwa na vumbi atakabwa, na kukabwa huko kutaamsha hofu ile ile aliyokuja kuiponya. Asishike pumzi mtu yeyote. Wasihesabiwe. Watoe pumzi kwa midomo, taratibu, kama wanaopoza uji, kila mmoja kwa urefu wake, na anayekohoa akohoe bila kuangaliwa. Akiwa anakohoa wiki ya tatu sasa, apelekwe kupima makohozi kabla hajarudi darasani. Hii pia ni sababu ya kukaa nje. Kuwaweka wachimbaji ishirini katika chumba kimoja cha madirisha madogo wapumue kwa nguvu pamoja ni kuugawa ugonjwa.

Halafu mikono inayotetemeka. Mtu anatetemeka, halali, anakasirika kwa jambo dogo, anasahau; mshauri mwenye haraka atasema ni kiwewe. Huenda ni zebaki. Watafiti waliowapima watu wa Rwamagasa, mkoani Geita, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010, walikuta dalili za sumu ya zebaki, kutetemeka na kuyumba zikiwemo, hasa kwa watu wanaochoma dhahabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na bado zebaki inapikwa kwenye sufuria nyuma ya nyumba. Hakuna mkao wa yoga unaoitoa zebaki mwilini. Kwa hiyo swali la kwanza la usajili lisiwe "ulipatwa na nini?" Swali hilo, kwanza, halimhusu mwalimu. La kwanza liwe "unafanya kazi gani, na dhahabu mnachomea wapi?"

Wenye ualbino wana mahitaji ambayo sijayaona yakiandikwa na mwalimu yeyote wa ng'ambo. Jua la Shinyanga saa nne asubuhi si la kufanyia mazoezi mtu ambaye adui yake mkubwa kuliko wauaji, kwa hesabu ya vifo, ni saratani ya ngozi. Kwao kivuli kizito na alfajiri au jioni. Uoni wao ni hafifu, hivyo mwalimu anayeonesha mkao mbele ya darasa na kusema "fanyeni hivi" amewaacha nje. Aeleze kwa sauti, akiwa karibu. Kuna ambaye alikatwa mkono. Nusu ya mazoezi ya kawaida yanadai mikono miwili, na kumwambia "wewe fanya unavyoweza" mbele ya wenzake ni kumtenga tena. Somo zima lipangwe tangu mwanzo kwa namna ambayo mkono mmoja unatosha kwa wote. Na mwalimu asimguse mtu. Kurekebisha bega la mwanafunzi kwa mkono ni desturi ya kawaida kwenye yoga nyingi. Kwa mtoto ambaye mwili wake ulitafutwa kama bidhaa, mkono wa mtu mzima unaomjia kwa nyuma hauwezi kuwa msaada.

Kwa wanawake wa mialoni nitasema zaidi juu ya sauti kuliko mikao. Mikao ni rahisi: wavae walivyovaa, vitenge vyao, wasitakiwe kutanua miguu wala kuinama mtu akiwa nyuma yao, watoto wa mgongoni waje nao. Sauti ndiyo ngumu, kwa sababu mazoezi ya mwili sisi tumefundishwa kwa amri. Tumekimbia mchakamchaka tangu darasa la kwanza, fimbo ya mwalimu wa zamu ikitungoja mlangoni. Waliopita jeshini wakaongezewa. Mwalimu wa Kitanzania akisimama mbele ya watu, ulimi wake wenyewe unasema "Simama! Nyoosha! Wewe, mbona hunyooshi?" Mwanamke anayeamriwa nyumbani namna ya kukaa, kupika na kulala hahitaji mtu mwingine wa kumwamuru namna ya kupumua. Kinachotakiwa ni lugha ya "ukipenda", "kama bega linakubali", "waweza kubaki hivyo hivyo ulivyo". Inasikika kama uzembe masikioni mwa wengi wetu. Nimeona wakufunzi wakiwa na vyeti vizuri wakidumu nayo dakika tano tu, kisha mchakamchaka unarudi. Kama ningekuwa na bajeti ya siku kumi za mafunzo, siku sita ningezitumia kwenye sauti.

Mwanamke akianza kulia katikati ya zoezi, na wapo watakaolia, mwalimu ajue jina la muuguzi wa akili wa wilaya na la askari wa dawati la jinsia, asijigeuze yeye kuwa mshauri. Na ajue kwamba wiki ijayo yule mama anaweza asirudi kwa sababu mumewe amesikia.

Kuhusu dini sitakaa sana. Yoga imetoka India, katika mila za Kihindu zaidi ya nyingine, na mchungaji au shehe akiuliza ajibiwe hivyo hivyo bila kuzungushwa. Mazoezi ninayoyaeleza hayana nyimbo, sanamu wala maneno ya Kisanskriti, na yanaweza kuitwa mazoezi ya mwili na pumzi. Ila asili yake isifichwe ili watu waje. Aliyevutwa kwa kufichwa jambo ameshanyang'anywa uchaguzi, na uchaguzi ndio dawa yenyewe. Asiyetaka, asifuatwe.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la mzee atakayesema: sisi Wasukuma tuna yetu. Tunalima kwa ngoma, jembe linapanda na kushuka pamoja, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu wanashindana uwanjani tangu enzi za mababu, sikukuu ya Bulabo kule Bujora inajaa kila Juni. Ni kweli. Watu kusogea pamoja kwa mdundo mmoja ni dawa ya upweke, na mradi wowote usioanza kwa kuwauliza manju, watunzi na waongozaji wa nyimbo, na vikundi vya ngoma ni wa kipumbavu. Lakini ngoma ina kelele, umati, mashindano na kutazamwa, na aliyeshtuka kupita kiasi hawezi kusimama karibu na dundo lile hata dakika moja. Na tusisahau upande wa pili wa urithi huo: ramli iliyomtaja bibi kizee kuwa mchawi nayo ilipigwa na mtu wa mila. Anayetaka kuponya kwa mila achague ni mila ipi.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Wazo hili likipendwa, kuna mwekezaji au mwenye leseni atakayesema: vizuri, tuwape vijana dakika kumi za pumzi mdomoni mwa duara kabla hawajashuka, watulie, ajali zipungue. Nakataa. Kijana anayetetemeka akiangalia matimba, miti ya kuzuia kifusi, yaliyooza haumwi. Anaona. Hofu yake imebeba taarifa ambayo mkaguzi wa migodi alipaswa kuileta, na kumtuliza ili ashuke ni kuitupa taarifa hiyo pamoja na yeye. Kiwewe ni hofu inayoendelea baada ya hatari kwisha. Huku kwetu mara nyingi hatari haijaisha, mtu anatolewa kwenye kifusi mwezi huu na mwezi ujao yuko duara la jirani kwa sababu mgao wake wa mifuko ya mawe ndio ada ya mtoto. Vivyo hivyo mwanamke anayerudi kwa mume yule yule jioni. Mafundisho yanayomsaidia mtu kuusikia mwili wake lazima yampe pia ruhusa ya kuuamini unapomwambia "usishuke", "ondoka". Mwenye duara hatapenda matokeo hayo. Ndipo utajua mazoezi yamefanya kazi.

Sheria nayo ina pengo hapa. Shirika la Kazi Duniani liliuingiza msongo wa baada ya kiwewe kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazini mwaka 2010. Mfuko wetu wa Fidia kwa Wafanyakazi umejengwa juu ya mwajiri anayechangia na mwajiriwa anayejulikana. Mchimbaji mdogo anayelipwa kwa mgao hana mwajiri kwenye karatasi, hivyo akivunjika mguu anachangiwa na wenzake, na akivunjika usingizi hachangiwi na mtu. Wachimbaji 33 wa Chile waliokaa chini siku 69 mwaka 2010 walipata madaktari, wanasaikolojia na kamera za dunia nzima, na bado wengi wao waliteseka kwa jinamizi na hofu miaka iliyofuata. Wetu wa Nyangalata walikaa siku 41.

Fedha zipo, na sisemi hivyo kwa kukisia. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, mpango wa kampuni wa kurudisha kwa jamii unapaswa kukubaliwa na halmashauri husika. Mipango hiyo hujenga madarasa, zahanati, masoko. Vitu vinavyopigwa picha. Sijui kwa nini mshahara wa nusu siku wa wanawake wanne wa Rwamagasa waliofundishwa vizuri uonekane kitu kigeni kwenye orodha hiyo.

Kwamba watu wasio madaktari wanaweza kufanya kazi hii kwa usalama si ndoto. Wahudumu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa waliwatibu watoto yatima wenye huzuni na kiwewe kule Moshi na Bungoma, Kenya, na utafiti wa watoto 640 uliochapishwa 2020 ulionesha tiba hiyo ilisaidia, ingawa si sawa kila mahali. Benchi la mabibi waliofundishwa kuwasikiliza na kuwashauri wenye msongo, alilolianzisha Dixon Chibanda nchini Zimbabwe limeshafika Zanzibar. Katika yote mawili kilichobeba mzigo ni usimamizi: kuna mtu wa kumpigia simu, kila wiki, mwenye ujuzi zaidi yako. Darasa la yoga lisilo na mtu huyo nyuma yake lisifunguliwe, hata kama mwalimu ametoka Nairobi na ni mzuri.

Halmashauri itakayothubutu ianze na wanawake wa mialoni na makarasha. Vikundi vyao vya kuweka na kukopa vinakutana kila wiki, wanafahamiana kwa majina, na nusu saa kabla ya kuhesabu hisa inapatikana bila kumnyima mtu kibarua. Mwalimu achaguliwe na kikundi, si na ofisi. Miezi mitatu ya mwanzo kusipigwe picha wala kusiwe na mgeni rasmi. Wanaume wakiuliza, waambiwe zamu yao itakuwa baada ya shifti, mbali na duara, na kwamba mlango hautafungwa.